AHADI YA MWENYE MAMLAKA: NI UONGO, NI UDHAIFU, AU NI KITU CHA TATU?

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Tafadhali usiitupe njiani wala usiifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.



Wiki mbili zilizopita, katika darsa ya vijana baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tunasoma hadithi mashuhuri iliyo katika Bukhari na Muslim, ile inayotaja alama tatu za mnafiki: anapozungumza husema uongo, anapoahidi huvunja ahadi, na anapoaminiwa hufanya hiyana. Kijana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia kutoka upande wa Oicha, akanyoosha mkono na kuuliza: "Sheikh, basi Raisi wetu ni mnafiki?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na nakiri mbele yako kwamba sikumjibu siku ile. Nilimwambia angoje Ijumaa. Ijumaa ya kwanza ikapita, nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimemuahidi. Hili ndilo jibu lake, na ni lako pia kama nawe umewahi kujiuliza hivyo, na nadhani umejiuliza.

Kwanza tuweke mambo yenyewe mezani, maana anayehukumu bila kujua habari ni kama anayepima unga gizani.

Mauaji ya Beni yalianza mwezi wa kumi mwaka 2014. Mwishoni mwa mwezi uleule Raisi wa wakati huo, Joseph Kabila, alifika Beni mwenyewe na akatoa maneno ya kutia moyo. Watu walipiga makofi. Mwezi wa nane mwaka 2016, siku chache baada ya yeye kupita hapa na kuonana na Raisi Museveni upande wa Uganda, yakatokea ya Rwangoma, tarehe 13. Kila mtu wa Beni anajua ilivyokuwa usiku ule, sina haja ya kueleza. Kisha mwaka 2018 ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane kule Mangina. Na mwezi wa kumi na mbili, siku nne tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 30, sisi watu wa Beni na Butembo tuliambiwa kwamba hatutapiga kura ya Raisi pamoja na Wakongomani wengine. Sababu iliyotajwa ilikuwa Ebola na usalama mdogo. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na misikiti yetu ilijaa. Wapigakura zaidi ya milioni moja waliwekwa kando, pamoja na wenzetu wa Yumbi kule magharibi. Tulipiga kura tarehe 31 mwezi wa tatu 2019, ya wabunge tu, wakati Raisi Félix Tshisekedi alikuwa amekwisha kula kiapo tangu tarehe 24 mwezi wa kwanza.

Shika vizuri jambo hili, nitalirudia.

Mwezi wa nne 2019 Raisi mpya alikuja Beni. Aliahidi amani. Mwisho wa mwezi wa kumi jeshi likaanza mashambulizi makubwa msituni, na waasi wakajibu kwa kuwachinja raia. Mwezi wa kumi na moja watu walichoka, wakaichoma mairie ya Beni, wakaingia kambi ya MONUSCO ya Boikene. Kinshasa ikatangaza kwamba makao ya mbele ya jeshi yatahamishiwa Beni. Mwezi wa nne 2021 wanafunzi walikwenda kukaa na kulala katika uwanja wa mairie, watoto wa shule wenye sare zao, wakisema hawarudi darasani mpaka Raisi aje atimize alichosema. Tarehe 30 ya mwezi huo Raisi akatangaza état de siège, yaani utawala wa kijeshi, kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ukaanza kazi tarehe 6 mwezi wa tano. Katiba, katika kifungu cha 144, inaupa siku 30, kisha Bunge linaweza kuuongeza siku 15, na 15 nyingine. Ukaongezwa, ukaongezwa tena, na mwaka 2025, ulipoingia mwaka wake wa tano, ulikuwa bado unaongezwa.

Na sisi Waislamu hatuwezi kusahau kilichokuwa kati ya tarehe hizo. Tarehe 1 mwezi wa tano 2021, siku moja tu baada ya lile tangazo, katika usiku wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni, wakati wa sala. Alikuwa amesema wazi, hata redioni, kwamba wale wanaochinja watu kwa jina la Uislamu hawana Uislamu. Tarehe 18 ya mwezi uleule, utawala wa kijeshi ukiwa na siku kumi na mbili, Sheikh Djamali Moussa akauawa Mavivi baada ya sala ya jioni. Allah awarehemu wote wawili. Mmoja aliuawa kabla ya hatua ile, mmoja baada yake, na tofauti hatukuiona.

Sasa turudi kwa swali la kijana wetu.

Wanazuoni wetu walilitafakari jambo la ahadi kwa makini kuliko tunavyodhani. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, anaihesabu ahadi ya uongo kuwa mojawapo ya maafa ya ulimi. Lakini hasemi kwamba kila asiyetimiza ni mnafiki. Anaangalia moyo wakati ule mtu anapofungua kinywa. Aliyeahidi huku amenuia kutotimiza, huyo ndiye hadithi inamgusa. Aliyeahidi kwa nia safi, kisha ukaja udhuru wa kweli ukamzuia, huyo si mnafiki, ingawa inampasa ajihadhari. Ndiyo maana anamtaja swahaba Ibn Mas'ud, aliyekuwa haahidi kitu bila kusema inshaallah.

Kwa kipimo hicho, mimi siwezi kukuambia kwamba Raisi ni mnafiki, na wewe huwezi. Moyo wake wa tarehe 30 mwezi wa nne 2021 anaujua Allah peke yake. Na katika Sura Al-Maida, aya ya 8, tumeamriwa kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Basi tuseme pia yale yaliyofanyika. Masomo ya bure ya shule ya msingi yalianza mwezi wa tisa 2019, na wengi wetu tuna watoto ambao wasingekuwa darasani. Mwezi wa sita 2021 yeye na Raisi wa Uganda walizindua kazi ya barabara ya Kasindi hadi Beni na ile ya Beni hadi Butembo. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo majeshi mawili yakaingia msituni pamoja katika operesheni ya Shujaa. Mtu anayesema kwamba hakuna lililofanyika anasema uongo, na uongo wa raia haugeuki kuwa halali kwa sababu umesemwa juu ya mkubwa.

Basi tumuweke kwenye fungu la pili, la mwenye nia njema aliyeshindwa? Wako wanaosema hivyo. Nchi ni kubwa, hazina ni ndogo, msitu ni mnene, adui anakuja usiku. Ni udhuru, na baadhi yake ni udhuru wa kweli. Lakini mwenye udhuru ana adabu zake. Ukimuahidi mtu utamlipa deni siku ya soko na ukakosa pesa, sheria inakutaka uende kwake umwambie, umuombe muda, umueleze umepata nini na umekosa nini. Hujifichi, wala humkopi mara ya pili kwa ahadi kubwa kuliko ya kwanza. Mfanyabiashara wa Butembo anajua hili bila kufundishwa na sheikh yeyote. Mji huu ulijengwa na watu wanaokopeshana mali ya kontena zima bila karatasi, kwa neno tu, na anayevunja neno lake akija kesho hapewi hata katoni ya sabuni. Mwenye mamlaka aliyeahidi kumaliza vita na hakumaliza, alipaswa kurudi Beni na kusema: nilikosea hapa, nilidanganywa pale, hawa ndio waliokula, nao wamehukumiwa. Nusu ya maneno hayo aliyasema. Mwezi wa sita 2021, alipokuwa huku kwetu, Beni na Bunia, aliongea wazi kwamba ndani ya jeshi kuna ulaji na umafia. Tulishangaa, na tulifurahi, kwa sababu ni nadra mkubwa kusema hivyo. Ila aliyesema ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Mwenye nyumba akikuambia kwamba jikoni kwake kuna wezi, unangoja kuona atafanya nini, huwezi kushiba kwa habari hiyo.

Kwa hiyo naona kuna fungu la tatu, na hapa nasema kwa fahamu yangu ndogo. Kama nimekosea, wakubwa wa elimu wanirekebishe. Kuna ahadi ambayo mtoaji wake hakunuia kuivunja, na pia hakunuia kuitimiza. Hakujiuliza. Aliitoa kwa sababu watu walikuwa wanalia, na alitaka walie kidogo. Maneno yalikuwa dawa ya masikio. Kazi ya ahadi hiyo inakwisha palepale uwanjani, makofi yanapopigwa. Kesho yake mwenyewe ameisahau, na akikumbushwa anashangaa.

Unaijua hadithi ya Sayyidna Umar na yule mama. Usiku mmoja nje ya Madina, Umar akiwa na mtumishi wake Aslam, aliona moto, na karibu na moto mama pamoja na watoto wanaolia. Juu ya moto palikuwa na sufuria. Akauliza kuna nini ndani. Mama akamjibu kwamba ni maji, anawanyamazishia watoto mpaka walale. Sisi wahubiri tunapenda kuisimulia kwa ajili ya Umar, jinsi alivyokimbia hadi hazina, akabeba unga mgongoni mwake, akakataa Aslam ambebee, akimuuliza kama atambebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Leo nakuomba uiangalie sufuria. Maji yalikuwa yanachemka kweli. Moto ulikuwa moto wa kweli. Watoto waliona mvuke, wakaamini chakula kinakuja. Mama hakusema neno hata moja la uongo, sufuria ndiyo iliyosema. Mama yule alikuwa na udhuru, hakuwa na kitu kingine. Lakini mwenye ufunguo wa hazina akipika maji matupu, udhuru wake ni upi?

Hapa ndipo jambo letu linapokuwa gumu, na ndiyo sababu ya kutumia karatasi nzima. Watu wengi wanasema: tatizo la wakubwa ni maneno bila vitendo. Ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa nyepesi, tungetazama tu kama kitendo kipo au hakipo. Utawala wa kijeshi ulikuwa kitendo. Magavana waliondolewa, wanajeshi wakawekwa. Mameya waliondolewa, polisi na wanajeshi wakawekwa. Mahakama za kijeshi zikapewa kesi za raia. Magari yalitembea, ving'ora vililia. Nani atasema hakuna kilichofanyika? Lakini kitendo nacho kinaweza kuwa sufuria ya maji. Kinaweza kufanywa ili kionekane, na si ili kifike mahali. Mwaka huohuo wa 2021, kamisyo ya ulinzi ya Bunge lenyewe ililalamika kwamba hatua ile ilianzishwa bila matayarisho ya kutosha. Utapigaje vita vya siku 30 ambavyo hukuvitayarishia posho ya askari?

Ukitaka kujua kama kitendo cha Leta ni chakula au ni maji, usiangalie mvuke. Angalia mambo madogo. Askari aliye mstari wa mbele Eringeti au Mbau, amelipwa lini, na anakula nini? Ukiona askari anaomba mihogo kwa mkulima au anatoza faranga kwenye bariyeri, umekwisha kusoma bajeti ya vita bila kwenda Kinshasa. Mkulima wa kakao akipiga simu saa mbili usiku kwamba wameingia, jeshi linafika saa ngapi? Na tena, nguvu ile mpya iliyotolewa kwa jina la kupambana na waasi, imemwangukia nani? Swali hili la mwisho ndilo linaloniuma. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2021 vijana wa LUCHA walikamatwa Beni kwa kupinga kuongezwa kwa utawala huo. Tarehe 1 mwezi wa nne 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu vijana kumi na wawili miezi kumi na miwili kila mmoja. Hawakushika panga wala bunduki, walishika mabango. Kama upanga uliochongwa kwa ajili ya simba unatumika kumkata mwenye kulalamika juu ya simba, basi raia ana haki ya kuuliza ulichongwa kwa ajili ya nani.

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 204 na 205, Allah (S.W.) anatutajia mtu ambaye kauli yake inapendeza katika maisha haya, naye anamshuhudisha Allah juu ya yaliyomo moyoni mwake, lakini akigeuka kuondoka mbio zake ni za kuharibu, na mimea na vizazi vinaangamia. Siseme aya hii imemshukia Raisi fulani, Allah anikinge na kucheza na Kitabu chake. Nakuonyesha jinsi Qur'an inavyotufundisha kupima: haitutumi kupasua moyo wa msemaji, inatutuma tuangalie shamba na watoto. Mimea na vizazi. Nenda Mutwanga, nenda Bapere, uulize mashamba yana hali gani. Nenda Ntoyo, katika wilaya ya Lubero, ambako usiku wa tarehe 8 mwezi wa tisa 2025 watu waliokusanyika msibani waliuawa, zaidi ya 60.

Na kwa kuwa tunapima, tuwapime na wale waliofanya hayo. Kundi la ADF lilitoka Uganda miaka ya 1990, linatamka majina tunayoyatamka sisi katika sala. Kwao pia kuna maneno na kuna vitendo. Mtu anayesema anaitetea dini ya Allah na kumuua imamu akiwa katika sala, maneno yake hayana uzito wa unyoya. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu wako jirani zetu ambao wakituona na kanzu bado wanatutazama kwa jicho la pembeni, na wana haki ya kutusikia tukisema. Wako pia ndugu kati yetu wanaoogopa kwamba tukimkosoa Raisi tutaonekana tuko upande wa msitu. Sheikh Ali Amini aliulaani msitu waziwazi, na hakuna aliyemlinda. Kunyamaza kwetu kungemlinda nani?

Kuna hoja nyingine, na huletwa na ndugu wema, wenye elimu. Wanasema kumtaja kiongozi kwa makosa yake ni fitna, na kwamba nasaha hutolewa kwa siri. Nasaha ya siri ni njema kwa anayeweza kufika mlangoni. Musa na Harun (A.S.) walitumwa kwa Firauni mwenyewe, wakaamriwa waseme naye kwa upole, kama ilivyo katika Sura Taha. Upole tunaukubali, na karatasi hii haikumtukana mtu. Lakini sisi wa Butembo tutaingia ikulu kwa mlango upi? Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 148, Allah ameeleza kwamba hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, akamtoa aliyedhulumiwa. Yule aliyefiwa anaruhusiwa kupaza sauti. Tena rudi kwa mama wa sufuria: hakumjua Umar, akamlaumu mbele yake kwamba ametawala mambo yao kisha amewasahau. Umar hakumwita mchochezi. Hakumkumbusha kwamba Madina ni kubwa, ingawa yeye mwenyewe aliuliza Umar angejuaje. Alikwenda kuchukua unga.

Sasa lile niliyokuambia ulishike. Kuna ndugu aliyeniambia: "Sisi hatukumpigia kura mwaka 2018, hatukuruhusiwa. Basi hana mkataba nasi, ahadi zake zilikuwa sadaka, na sadaka haidaiwi." Ni hoja ya kichungu, na nimeifikiria sana. Naona ni kinyume. Aliyechaguliwa na wewe anaweza kukuambia mmekosea wote wawili, yeye kuahidi na wewe kumwamini. Lakini aliyekutawala bila kukuuliza amekubebea amana ambayo hukumpa kwa hiari, na mzigo wake ni mzito zaidi. Kiapo cha Raisi ni kwa taifa lote, hakina mipaka ya majimbo yaliyopiga kura. Na katika Sura An-Nahl, aya ya 91, tumekatazwa kuvunja viapo baada ya kuvithibitisha, kwa kuwa Allah amefanywa mdhamini. Asiyeamini kama sisi pia alimtaja Mungu alipoapa.

Nimemsema mkubwa kwa kurasa mbili, sasa nivumilie nikuseme wewe, na nijiseme mimi. Ahadi ya fungu la tatu haiwezi kuishi bila makofi. Wakati wa kampanye wagombea wanakuja mpaka kwenye ua wa msikiti, wameleta sukari na tende, wanatuahidi mabati, kisima, shule. Ni nani kati yetu aliyesimama na kuuliza: pesa zitatoka wapi, na mwezi gani? Mgombea mmoja, miaka iliyopita, alituambia kwa unyofu kwamba hawezi kuahidi kitu asichokijua. Tulitoka tukisema hana mpango. Hakupata kura, ya kwangu ikiwemo. Sisi tumeipandisha bei ahadi kubwa na kuishusha bei ahadi ya kweli, kisha tunashangaa soko limejaa nini.

Na kuna jambo la nyumbani. Sura As-Saff, aya ya 2 na ya 3, inapouliza kwa nini watu wanasema wasiyoyatenda, haiwaiti wafalme wala maraisi. Inawaita walioamini. Katika Ramadhani iliyopita sisi viongozi wa jumuiya tulitangaza juu ya mimbari kwamba familia za wakimbizi zilizofika kutoka vijijini, wale waliopanga vyumba na waliohifadhiwa kwa jamaa, zitapata maharage, mafuta na mablanketi kabla ya Iddi. Mlitoa. Wengine mlitoa faranga, wengine mlitoa nguo, mama mmoja alitoa jembe. Iddi ilifika na nusu ya familia hazikupata. Hatukuja mbele yenu kueleza. Tulinyamaza, na wiki iliyofuata tulitangaza mchango mwingine, wa ukuta wa choo. Yule kijana aliyeuliza swali lake katika darsa, mama yake yuko katika orodha ya ambao hawakupata. Hakulitaja hilo. Nilikuja kulijua baadaye, nilipofungua daftari.

Basi leo, baada ya salamu ya pili, msitoke haraka. Mweka hazina atasoma daftari kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kwa nani, na kilichobaki, pamoja na magunia mawili ya maharage yaliyooza stoo kwa uzembe wetu. Mwenye swali aulize hapohapo, hata akiwa mtoto. Familia kumi na tisa ambazo hazikupata zimesomwa majina na kamati, na motari wawili wamejitolea kupeleka mizigo kesho asubuhi kuanzia saa mbili, inshaallah. Anayetaka kuhakikisha afuatane nao.

Wabillahi tawfiq.